LVM1 ilivyotolewa kwenye kerneli na device-mapper ikachukua nafasi yake: uchambuzi wa kisa cha 2001 mpaka 2003

Ingia kwenye seva yoyote ya Linux yenye LVM (Logical Volume Manager, meneja wa volyumu anayeunganisha na kukata diski kuwa vifaa vya kubuni), piga dmsetup table, utaona mistari mifupi tu ya device-mapper, driva ya kerneli iliyo chini ya LVM: jina la kifaa, sekta ya kuanzia, urefu, neno moja kama linear, afu namba ya diski na mahali pa kuanzia kwenye hiyo diski. Basi. Kerneli, kiini cha Linux kinachoongea na diski, haijui kama kuna kitu kinaitwa VG (kundi la diski), haijui ekstenti (vipande ambavyo VG imekatwa), haijui metadata ya LVM, yaani maelezo ya mpangilio wake, imekaa wapi wala imeandikwaje. Hii haikutokea yenyewe, kuna watu walikaa wakaamua kerneli iache kujua hivyo vitu, na uamuzi huo ulifanyika wakati driva ya zamani ya LVM (LVM1) imeshakufa, tarehe ya mwisho inagonga mlango, na kuna timu nyingine imeleta jibu tofauti kabisa. Nataka tuupitie vizuri maana mimi naona ni moja ya kazi safi zaidi za kuunda upya kitu ndani ya kerneli, na watu wengi wanaopiga lvextend kila siku hawajui ilikotoka.

Tuanze na hali ilivyokuwa. LVM ya kwanza ya Linux aliiandika Heinz Mauelshagen mwishoni mwa miaka ya tisini akifuata mtindo wa LVM ya HP-UX, ndo maana amri zinafanana majina, pvcreate, vgcreate, lvcreate. Wazo mnalijua: diski au patisheni inakuwa PV (volyumu halisi), PV kadhaa zinaunganishwa kuwa VG, VG inakatwa vipande vya saizi moja vinaitwa ekstenti, na kutoka kwenye hizo ekstenti unachonga LV (volyumu ya kubuni unayoitumia kama diski) kadri unavyotaka, ukitaka kuongeza unaongeza. Driva yake iliingia kwenye kerneli mwaka 2000 wakati wa mfululizo wa 2.3 na 2.4 ilipotoka Januari 2001 ikatoka nayo. Kwa watu waliokuwa wamezoea kufuta patisheni na kuanza upya kila diski ikijaa, ilikuwa ukombozi, hilo tusilisahau kabla hatujaanza kuikosoa.

Sasa tatizo lake. LVM1 iliweka maarifa yote ndani ya kerneli. Amri kama vgchange ilikuwa inasoma metadata kutoka kwenye diski, inajenga strakcha za C za VG, za PV na za LV, afu inazisukuma zile zile strakcha kupitia ioctl (njia ya programu kuiamuru driva) mpaka ndani ya driva, na driva inazitunza zote, majina, hali, idadi, kila kitu, hata vitu ambavyo kwa kazi ya kusoma na kuandika data haivihitaji hata kidogo. Strakcha moja inatumika sehemu mbili, kwenye amri na kwenye kerneli. Ukigusa fildi moja, amri za jana haziongei na driva ya leo. Ndo maana kulikuwa na namba ya toleo la kiolesura, kulikuwa na amri nzima ya kuuliza hiyo namba, lvmiopversion, na distro kama Debian zikawa zinaweka seti za amri kwenye folda tofauti, /lib/lvm-10 na baadaye /lib/lvm-200, halafu skripti inachagua seti ya kutumia kulingana na kerneli iliyobuti. Fikiria unaapdeti kerneli na kinachoamua kama utaiona data yako ni kama seti sahihi ya amri ipo kwenye initrd, ule mfumo mdogo wa mafaili wa muda unaopakiwa mwanzo wa kubuti.

Na metadata ilikuwa ya baineri, yenye nafasi zilizopangwa kabisa. VG zisizidi 99, LV zisizidi 256, na LV moja isizidi ekstenti 65,534. Ekstenti ya kawaida ilikuwa megabaiti 4 kwa hiyo LV yako ikifika kama gigabaiti 256 imegonga ukuta, unatakiwa uwe ulifikiria mapema ukachagua ekstenti kubwa wakati wa kuunda VG. Diski za wakati ule zilikuwa ndogo lakini zilikuwa zinakua haraka sana, kila mtu aliona ukuta unakuja.

Ila mimi naona ugonjwa wenyewe ulikuwa kwenye njia ya I/O zaidi ya kwenye hizo namba. Ombi la kusoma au kuandika likifika, driva inatafuta ekstenti kwenye safu ya hiyo LV, inapata diski na sekta, inapeleka. Hapo safi na haraka. Lakini kwenye fanksheni hiyo hiyo moja umo ukaguzi wa straipu (data iliyogawanywa kwenye diski kadhaa), umo ukaguzi wa snapshoti (picha ya LV ya wakati fulani), umo ukaguzi wa kama ekstenti imefungwa kwa sababu pvmove inaendelea. Kila kipengele kipya kilikuwa ifu mpya kwenye njia ambayo kila baiti ya kila mtu inapita. Huwezi kuongeza kioo yaani mirror (nakala mbili za data), huwezi kuongeza usimbaji, bila kurudi kufungua fanksheni ile ile na kuomba Mungu hujaharibu snapshoti.

Na hiyo pvmove jamani. Kazi yake ni kuhamisha data kutoka PV moja kwenda nyingine wakati mfumo unatumika. Kwenye LVM1 amri yenyewe, upande wa yuza yaani nje ya kerneli, ndo ilikuwa inanakili: inaiambia kerneli ifunge ekstenti, inasoma, inaandika kule kwingine, inabadilisha ramani, inafungua, inaenda inayofuata. Maombi yanayogusa hiyo ekstenti yanasubiri kwenye foleni. Amri ikifa katikati au umeme ukikatika, umebaki na mfumo ulioachwa njia panda. Snapshoti nazo zilikuwa za kusoma tu.

Kilicholazimisha mambo hakikuwa malalamiko ya watumiaji. Desemba 2001, mwanzoni kabisa mwa mfululizo wa 2.5, Jens Axboe aliibadilisha safu ya bloku: badala ya buffer_head kuwa ndo kipimo cha I/O kikaja kitu kinaitwa bio, ombi moja linaloweza kubeba kurasa nyingi za memori kwa mara moja. Mabadiliko mazuri na ya lazima, lakini kila driva iliyokuwa imejengwa juu ya buffer_head ilibidi iandikwe tena. MD, ile driva ya RAID ya softwea (kuunganisha diski kadhaa kwa usalama au kasi), ikahamishwa. LVM1 haikuhamishwa. Miezi na miezi ikawa imekaa kwenye 2.5 haikompaili hata, na walioijua vizuri hawakutaka kuifufua kwa sababu walikuwa tayari wanaandika mbadala, na mwaka 2002 kodi yake (msimbo wake) ikatolewa kwenye kerneli kabisa. Ikabaki hivi: kerneli ijayo haina meneja wa volyumu, watu wenye data kwenye LVM hawana pa kwenda, na Linus ameshatangaza vipengele vipya vitafungwa tarehe 31 Oktoba 2002.

Mapendekezo yalikuwa mawili.

La kwanza lilitoka IBM, linaitwa EVMS. Hawa walikuwa na ndoto kubwa na nzuri: mfumo mmoja wa plagini unaoelewa patisheni za kila aina, LVM ya Linux, MD, LVM ya AIX, volyumu za OS/2, juu yake unaongeza vipengele kama kuruka bloku mbovu na snapshoti, na yuza anapata kiolesura kimoja cha kusimamia vyote. Lakini kila plagini ilikuwa na nusu yake ndani ya kerneli, na ile nusu ya kerneli ndo ilikuwa inafanya ugunduzi, yaani kerneli yenyewe inasoma diski, inatambua metadata ya kila fomati na kuunda volyumu. Faida yake iko wazi, ukibuti volyumu zinajitokeza zenyewe bila initrd. Hasara yake ni kodi nyingi mno ndani ya kerneli, na parsa za fomati za kampuni tofauti zikiwa mahali ambapo kosa moja la pointa linaangusha mashine nzima.

La pili lilitoka Sistina Software, kampuni aliyokuwepo Mauelshagen mwenyewe. Joe Thornber ndo aliyeandika sehemu kubwa ya driva mpya kuanzia 2001, Alasdair Kergon na wenzake wakiwa kwenye amri mpya ambazo ndo zikawa LVM2. Swali lao lilikuwa: ni kitu gani kidogo kabisa ambacho lazima kiwe ndani ya kerneli ili volyumu ifanye kazi? Jibu likawa jedwali. Kifaa cha kubuni kina jedwali, kila mstari unasema kuanzia sekta fulani, kwa urefu fulani, peleka kwa tageti fulani (kipande cha kodi kinachofanya kazi ya aina moja) yenye vigezo hivi. Mfano LV iliyoanza na megabaiti 200 kwenye diski moja ikaongezewa 100 kwenye diski nyingine:

0 409600 linear 8:17 384
409600 204800 linear 8:33 384

Hiyo ndo yote inayofika kwenye kerneli. Namba ni sekta za baiti 512. Ekstenti zimeshapotea, amri upande wa yuza imeshazigeuza kuwa sekta. Kama LVM2 kesho inataka kubadili fomati ya metadata, kerneli haiguswi. Kama mtu mwingine kabisa anataka kutumia driva hiyo bila LVM, anaandika jedwali lake anapeleka.

Jinsi ilivyo ndani nayo inapendeza. Bio ikiingia, device-mapper inatafuta mstari husika kwenye jedwali kwa mti wa B-tree ambao kila nodi yake imepimwa ienee kwenye kashe laini moja ya CPU, kwa hiyo hata jedwali likiwa na maelfu ya mistari utafutaji ni wa haraka. Bio ikivuka mpaka wa mistari miwili inakatwa, kila kipande kinakuwa kloni, kila kloni inapelekwa kwa fanksheni ya map ya tageti yake, na ile bio ya asili inatangazwa imekamilika pale kloni zote zikirudi. Tageti haijui wenzake. linear inaongeza tu namba kwenye sekta. striped inapiga hesabu ya kugawa. Zile ifu zote za LVM1 zikawa zimetawanyika kila moja kwenye faili lake, na njia kuu ikabaki haijui hata snapshoti ni nini.

Hapa sasa ndo pana utamu wenyewe kwa maoni yangu. Kuwa na jedwali ni rahisi. Kubadilisha jedwali wakati mfumo wa mafaili umepandishwa juu yake na watu wanaandika, hiyo ndo kazi. Device-mapper ilileta operesheni mbili, suspend na resume. Ukisuspendi kifaa, maombi mapya yanawekwa kwenye foleni, yaliyokwisha kuondoka yanasubiriwa mpaka yarudi, na baada ya hapo unajua kwa uhakika hakuna kitu kinachoelea kikiwa kimetumia ramani ya zamani. Unabadili ramani. Unaresumu, foleni inatiririka kupitia ramani mpya. Programu iliyo juu inaona tu I/O imechelewa kidogo.

Sasa tega sikio. Ukishasuspendi kifaa chenye mfumo wa mafaili au swapu, afu ukajaribu kutenga memori ya jedwali jipya, kerneli inaweza kuamua memori imebana na inatakiwa iandike kurasa chafu diskini ili ipate nafasi. Inaziandika wapi? Kwenye kifaa ambacho umekisuspendi wewe. Kifaa kinakusubiri wewe uresumu, wewe unasubiri memori, memori inasubiri kifaa. Imeisha hiyo, mashine imekwama na hakuna eroro yoyote ya kukuambia. Ndo maana kabla ya 2.6.0 kutoka, kiolesura cha ioctl kilifika toleo la nne ambalo kila kifaa kina nafasi mbili za jedwali, moja linalotumika na moja linalosubiri. Unapakia jedwali jipya kwenye nafasi ya kusubiri kwanza, kazi zote za kutenga memori na kufungua diski zinafanyika hapo wakati kila kitu bado kinatembea, halafu ndo suspend, halafu resume inabadilishana nafasi, na kwenye ule muda mfupi wa hatari hakuna kinachotengwa.

Na si kerneli tu. Amri ya LVM yenyewe ni programu ya kawaida, kurasa zake zinaweza kuwa bado diskini au kwenye swapu. Ikisuspendi diski ya rooti, afu ikahitaji ukurasa wa kodi yake ambao haujaingia kwenye memori, imejifungia nje. Kwa hiyo LVM2 kabla ya kususpendi inafunga memori yake yote isiondoke, na ndani ya hicho kipindi haifungui mafaili ovyo wala kuandika logi. Ukisoma kodi ya LVM2 utaona nidhamu hii imeenea kila mahali na kama hujui sababu utadhani ni ushirikina.

Metadata nayo ikapangwa kufuata mdundo huo huo. Metadata mpya inaandikwa diskini kwanza kama ya awali bila kuthibitishwa, halafu vifaa vinasuspendiwa, halafu metadata inathibitishwa, halafu vinaresumiwa. Ukikata umeme hatua yoyote, ukibuti tena unakuta ama hali ya zamani nzima ama hali mpya nzima. Na fomati yenyewe wakaifanya maandishi ya kawaida, unaweza kuifungua ukasoma kwa macho, ina namba ya mfuatano inayopanda kila badiliko, ina cheksamu, na inaandikwa kwa kuzunguka kwenye eneo lake la diski kwa hiyo toleo lililopita halifutwi papo hapo. Nakala zinabaki /etc/lvm/backup na /etc/lvm/archive. Mtu yeyote aliyewahi kufuta LV isiyo yake afu akairudisha kwa vgcfgrestore anajua thamani ya uamuzi huu, na ulikuwa uamuzi ambao usingewezekana kirahisi kama parsa ingebidi ikae ndani ya kerneli, nani anataka parsa ya maandishi ndani ya kerneli.

Angalia pvmove ilivyobadilika. Sasa haifungi ekstenti na kunakili kwa mkono. Inaunda kioo cha muda kati ya sehemu ya zamani na mpya, LV inaelekezwa kwenye kioo, kerneli inasawazisha pande mbili taratibu huku maandishi mapya yakienda pande zote, ikimaliza kioo kinavunjwa na upande wa zamani unaachwa. Imekatika katikati? Metadata inajua kuna pvmove inaendelea, unapiga pvmove bila kigezo chochote inaendelea, au unapiga na --abort inarudi nyuma. Hii ni ile ile operesheni iliyokuwa inatia watu jasho, na imepona bila mtu kuandika hata mstari mmoja maalum wa pvmove ndani ya kerneli. Kerneli inaona kioo tu.

Snapshoti ni mfano mwingine. Ukitengeneza snapshoti moja ya LV, dmsetup ls inakuonyesha vifaa vinne: jina lako lenye -real, ambalo ndo data ya asili, jina lako lenyewe ambalo sasa ni tageti ya snapshot-origin, kifaa chenye -cow kinachoshika bloku za zamani zilizookolewa, na snapshoti yenyewe inayosoma toka -cow na ikikosa inasoma toka -real. Mara ya kwanza ukiona unashtuka nani kaongeza vifaa. Lakini ni vipande vidogo vimepandana tu, na kwa kuwa snapshoti ina ramani yake, kuiandikia pia kukawezekana.

Turudi 2002. Device-mapper ikaingia kwenye kerneli 2.5.45 mwishoni mwa Oktoba, saa za mwisho kabla ya kufungwa. EVMS haikuingia.

Na kilichofuata ndo kitu kinachonigusa kuliko vyote kwenye kisa hiki. Tarehe 5 Novemba 2002, siku chache tu baadaye, Kevin Corry kwa niaba ya timu ya EVMS alitangaza kwamba wanaachana na driva yao ya kerneli na watazijenga upya amri zao zifanye kazi juu ya device-mapper na MD. Hii timu ilikuwa imeandika kodi nyingi, inafanya kazi, ina watumiaji. Wangeweza kubaki nje ya kerneli wakisambaza pachi zao miaka na miaka kama wengi wanavyofanya. Wakaangalia wakaona ndoto yao ya kiolesura kimoja kwa yuza haihitaji driva yao, inahitaji tu kitu chini kinachopokea ramani. EVMS 2.0 ilitoka 2003 ikiwa hivyo. Na kwangu huo ndo ushahidi mkubwa kuwa muundo ulikuwa sahihi, kwa sababu mshindani aliye na fomati tofauti na falsafa tofauti aliweza kupanda juu yake. Ungeiweka LVM1 mahali pale, EVMS isingepandia kitu, strakcha zake zilijua VG ya LVM tu.

Lakini tusipambe, gharama zilikuwepo na baadhi zilikuwa nzito.

Kerneli 2.6.0 ilipotoka Desemba 2003, tageti za msingi zilikuwepo lakini snapshoti na kioo vilikuja baadaye kwenye mfululizo huo huo, kwa hiyo mtu aliyetoka 2.4 mwenye bakapu zinazotegemea snapshoti alijikuta amepiga hatua mbele kwenye kila kitu isipokuwa kile alichokuwa anakihitaji usiku. Ukiondoa kitu kinachotumika lazima mbadala uwe umeshafika pote kilipofika, hapa haukuwa umefika.

Kubuti kukaendelea kuhitaji initrd yenye amri za LVM kama rooti iko kwenye LV, na hilo limebaki mpaka leo. Mimi nalikubali, bora parsa iwe kwenye initrd kuliko kwenye kerneli, ila ni kweli kwamba mashine nyingi zimekataa kubuti kwa sababu initrd ilitengenezwa bila moduli sahihi.

Kulikuwa na lile la saizi za maombi pia. Device-mapper ikikaa juu ya MD, kwa miaka kadhaa ilikuwa haijui kuuliza chini ni ombi kubwa kiasi gani linakubalika, kwa hiyo inajilinda kwa kutuma vipande vya ukurasa mmoja mmoja, na kasi inaumia.

La kuumiza zaidi ni baria za kuandika. Mfumo wa mafaili wenye jono (kumbukumbu ya mabadiliko) unahitaji kuiambia diski mwaga kashe yako sasa kabla hujaendelea, na hiyo amri ilibidi ipite kila safu. Device-mapper haikuipitisha mpaka ilipoanza kufanya hivyo mwaka 2009. Miaka yote hiyo XFS ikipandishwa juu ya LVM ilikuwa inaandika kwenye logi kuwa baria zimezimwa kwa sababu kifaa cha chini hakizikubali, watu wengi hawakusoma hiyo logi, na diski yenye kashe ya kuandika umeme ukikatika inaweza kukuachia jono ambalo mpangilio wake si ule mfumo wa mafaili uliouamini. Safu inayogawa bio moja kwenda diski tatu haiwezi kupitisha baria kirahisi, lazima isimamishe, imwage zote tatu, isubiri, iendelee, naelewa ugumu wake. Bado naona ilichukua muda mrefu mno kwa kitu kinachobeba data za watu.

Upande wa pili wa mizani kuna vitu ambavyo hakuna aliyevipanga 2002. Christophe Saout aliandika dm-crypt, ikaingia 2.6.4 mwaka 2004, na karibu kila laptopu ya Linux yenye diski iliyosimbwa leo inapita hapo, LUKS ni metadata tu upande wa yuza na kerneli inapewa mstari wa jedwali wenye neno crypt. Zikafuata multipath kwa wenye SAN (mtandao wa diski), verity kwenye 3.4 ambayo Android inaitumia kuhakiki patisheni ya mfumo kila bloku inaposomwa, thin kwenye 3.2, cache kwenye 3.9. Kwa kiasi kikubwa hazikuhitaji kufungua njia kuu ya I/O na kuingiza ifu zake. Red Hat waliinunua Sistina Desemba 2003 na kazi ikaendelea pale na watu wale wale, jambo lililosaidia sana. Fomati ya LVM1 yenyewe iliendelea kusomwa na amri za LVM2 miaka mingi, vgconvert ikiwepo kwa anayetaka kuhama, mpaka 2018 msaada wake ulipotolewa kwenye amri.

Sehemu ambayo kwangu haijakamilika ni RAID. MD ilibaki driva yake yenyewe na kodi yake ya RAID 5 na 6 iliyokomaa, na kuiandika upya kama tageti ingekuwa upotevu wa akili. Kwa hiyo mwaka 2011 kwenye 2.6.38 ikaja tageti ya raid ambayo kwa ndani inaiita kodi ile ile ya MD. Ukipiga lvcreate --type raid5 unapata LV ndogo ndogo zenye rimage za data na rmeta za hali ya usawazishaji, kazi inafanywa na MD, lakini mdadm, amri ya kusimamia MD, haizioni kwa sababu superbloku zake (maelezo ya RAID yaliyoandikwa diskini) ni za aina nyingine. Kodi moja ya RAID, milango miwili, metadata mbili zisizosomana, na anayehamisha diski kutoka mashine moja kwenda nyingine lazima ajue kwanza zilitengenezwa kupitia mlango upi.